Upepo wa Mhandisi Hamudi

Newala,
9 Julai 2024.

Kwa kaka yangu mpendwa Filemoni,

Shikamoo kaka. Natumaini wewe, shemeji Sabina na watoto hamjambo huko Chidya, na kwamba yale mafua yaliyokushika wakati wa mitihani yamekuachia. Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Mama anaendelea vizuri kiasi. Jana alitembea mpaka mlangoni na kurudi bila kushikwa mkono.

Barua yako nimeipata. Unataka kujua mtambo ulijengwaje hata ukamlaza Mama siku tisa akipumua kwa mtungi wa oksijeni, ili Alhamisi utakaposimama mbele ya kamati ya hospitali uwe na la kusema, naye Mhandisi Hamudi afukuzwe. Basi nisikilize.

Nyumba ya mitambo unaijua, nimeitunza miaka kumi na tisa. Upande mmoja boila la dizeli la maji ya kufulia na ya kupasha wodi joto, upande wa pili mashine ya kupoza chumba cha upasuaji na stoo ya dawa. Vyote vilikuwa vimezeeka, mabomba yanavuja kila kona. Mwezi wa kwanza wakatuletea huyo Hamudi kutoka Dar es Salaam abuni mtambo mpya. Mhandisi gani! Kijana wa miaka ishirini na minane, viatu vimechongoka, anaruka vumbi letu kama kuku aliyemwagiwa maji. Mimi nimeanza kunyoa ndevu yeye hajazaliwa, lakini shikamoo hakunipa. Aliniita wewe mwenye kofia, akanitaka nimshikie ncha ya futi kamba.

Kamati ndiyo kichekesho kabisa. Bwana Dickson, mwenyekiti, alipiga makofi kabla michoro haijafunguliwa yote, kwa kuwa ilikuwa na rangi. Neno pekee alilotia ni kwamba dohani ya kutolea moshi isipite urefu wa msalaba wa kanisa. Ikafanywa fupi. Watu wazima tisa, wote wazaliwa wa hapa, na hakuna aliyeuliza jambo la maana.

Wazo lenyewe, sitamnyima haki yake, lilikuwa zuri. Boila lichome maganda ya korosho kutoka kwa wabanguaji badala ya dizeli, na joto hilohilo liendeshe mashine ya kupoza. Ila moshi wa maganda unaujua, unawasha macho na kukaba koo. Hamudi naye aliambiwa, ndiyo maana akawasha nyasi uwanjani atazame moshi unakwenda wapi. Ukaenda kusini. Basi akachora dohani upande wa kusini, na tundu la kuvuta hewa safi ya wodi upande wa kaskazini. Mafundi wa Masasi wakachomelea, wakalipwa, wakaondoka wakijisifu.

Tuliwasha mwezi wa sita. Wewe mwalimu huhitaji kuambiwa upepo wa mwezi wa sita unatoka wapi. Upepo wa kusi uliusukuma moshi wote juu ya paa hadi upande wa kaskazini, tundu likaunywa, mabomba yakaugawa wodini. Mama alikuwa amelazwa kwa pumu tangu juzi yake, na kitanda chake kilikuwa chini kabisa ya pale hewa inapotokea. Mengine uliyaona mwenyewe.

Hapa, kaka, ningependa kuishia. Siwezi.

Hamudi aliuliza. Siku ile ya nyasi alinirudia, akataka kujua kama upepo ule ndio wa mwaka mzima. Nikamwambia ndiyo, ni huohuo, Januari hadi Desemba. Nilijua nasema uongo. Nilitaka mtambo umwaibishe mbele ya watu wote, arudi kwao na viatu vyake. Nilifikiri manesi watakohoa kidogo, madirisha yatafunguliwa, nasi tutacheka. Tangu mtambo uzimwe hajanitaja hata kwa mtu mmoja. Anasema kosa ni lake, kwa kuwa alimwuliza mtu mmoja tu. Nimemdharau miezi sita, na leo sioni wa kudharau ila huyu anayekuandikia.

Alhamisi usije kumshitaki. Nitasimama mimi niseme, hata kama kazi itakwenda.

Mama nimemwambia asubuhi hii. Hakunigombeza. Aliniuliza kama nilijua kuwa yeye ndiye atakayelala kitanda kile. Nikaapa kwamba sikujua. Akasema kwamba basi moshi ule nilikuwa nimemwekea mama wa mtu mwingine.

Nisalimie shemeji Sabina na watoto wote, na jirani zako wanaonikumbuka. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Yoeli.