Herufi Moja kwenye Diski ya Mgonjwa

Endicott, Machi 9

Dada Margita mpenzi,

Magoti yanasemaje na baridi hii? Sisi tunapumua. Mtoto ameanza kucheka, na Irena anakusalimu sana.

Irena kaniambia umeshatoa sanduku umwache mumeo, kwamba umechoka kuishi na mzembe asiyeweza hata kulinda mkate wake. Dada, tafadhali usilifunge kabla hujaimaliza barua hii.

Kazi yetu pale kampuni ya bima unaijua kwa mbali tu. Kompyuta moja kubwa, na ndani yake mashine pepe mia, yaani kompyuta zisizo na umbo, kila moja na diski yake. Moja ikiugua, ikashindwa kuamka, tunaipachika diski yake kwa jirani mzima, tunatengeneza palipoharibika, kisha tunairudisha. Emil mumeo ndiye aliyenifundisha, na kila mara aliniuliza, "Umemlaza?" Maana mgonjwa asipozimwa kwanza, wawili wataandika diski moja kwa pamoja, na hapo kwaheri. Nilikuwa namcheka, namwita bibi kizee.

Oktoba, mashine ya madai ikaugua. Emil alishuka kula, akaacha skrini yake wazi, akanisihi nimsubiri. Wakubwa wakapiga simu mara tatu. Nikajitia ujuzi, nikakaa kitini pake.

Mashine ilinikatalia, ikasema kuna mwingine anaandika, maana mgonjwa sikuwa nimemzima. Nikabadili herufi moja ya mwisho ya amri, R ikawa W, yaani nipe ruhusa ya kuandika hata kama yupo. Baada ya dakika nne madai ya miezi miwili hayakusomeka, na nakala ya akiba ilikuwa mbovu. Kumbukumbu za mashine zikataja jina la Emil. Wakamfukuza siku ileile.

Ni mimi, Dada. Mzembe ni mimi.

Nilimkuta kwenye maegesho na boksi lake. Akaniuliza neno moja tu: nimemlaza? Nikamjibu ndiyo, bila haya. Akanitazama, halafu akauliza mimba ya Irena ina miezi mingapi. Nikamwambia saba. Akaweka boksi garini, akaondoka.

Alijua, Margita. Miezi mitano amekula matusi yako, nami nimekula mshahara.

Barua ya kukiri kwa bosi nimeitia posta kabla ya hii, nisije nikarudi nyuma. Irena bado hajui, nitamwambia leo.

Mpe Emil salamu zangu, kama atazipokea. Asipozipokea, usimlaumu.

Mdogo wako,
Leonard