Nimeushona Ukanda wa Helmeti ya Mke Wangu, na Sasa Siwezi Kumwambia

Mshauri, shikamoo, na pole kwa mizigo ya watu unayobebeshwa kila wiki. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, hapa karakanani kwangu, saa hizi za mchana ambapo vumbi la sponji huelea katika mwanga kama halina haraka ya kutua, na kuna jambo lisiloniacha hata ninapofanya kazi.

Mimi ni fundi wa viti na makochi, mke wangu ni mwalimu wa chekechea. Tuna pikipiki moja na helmeti mbili za rangi moja, kijani cha majani machanga, alizinunua yeye kwa mshahara wake wa kwanza baada ya ndoa, yangu kubwa na yake ndogo, maana kichwa chake ni kidogo na changu, kwa maneno yake mwenyewe, ni cha kufikiria mambo mengi bila kuyamaliza. Kila asubuhi nampeleka shuleni na kila asubuhi anaimba ndani ya helmeti nyimbo atakazowafundisha watoto, na sauti yake hunifikia mgongoni kama inatoka ndani ya mtungi, iko mbali na iko karibu kwa pamoja, na bondeni tunakopita huwa na ukungu, na zipo siku nasahau kabisa kwamba naendesha, naona kama sisi tumetulia tu na barabara ndiyo inayopita chini yetu.

Sasa Mshauri, mke wangu alinionya. Aliniambia nikiegesha nisifunge helmeti kwa kupitisha mnyororo kwenye ukanda wa kidevuni, kwa sababu ukanda ni kitambaa na kitambaa hukatwa, bora nipitishe mnyororo kwenye uwazi wa uso au niingie nayo mkononi ninakokwenda. Nikamcheka. Nikamwambia, "Mwalimu, helmeti nayo ibebwe kama mtoto mchanga?"

Akanijibu, "Mtoto mchanga angekuwa na mama yake. Hii ina wewe tu."

Mwezi uliopita nilikwenda kuchagua vitambaa, nikaegesha nje ya duka, nikapitisha mnyororo kwenye kanda zote mbili na kwenye gurudumu, nikaingia, na vitambaa vina ulevi wake, unapitisha kidole juu ya mahameli ya buluu na saa inayeyuka, na nilipotoka nikaikuta helmeti ya mke wangu iko chini kando ya mtaro, ukanda umekatwa kwa wembe. Mlinzi wa duka akanieleza kwamba jamaa mmoja alikuwa ameshaukata, yeye akakohoa tu, jamaa akaitupa helmeti na kukimbia. Nilimshukuru mlinzi, nikamshukuru Mungu, nikaondoka kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Nikarudi karakanani nikaushona ule ukanda. Niliushona kwa uzi wa nailoni wa viti vya malori, mistari minane, nikaficha ncha, nikapaka wino mweusi juu yake, kisha nikautundikia gunia la vipande vya sponji na vyuma kwa siku nzima na haukuachia. Ni mshono mzuri kuliko yote niliyowahi kushona, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi. Jirani yangu mchomea vyuma aliuvuta akaniuliza, "Kaka, hii ni helmeti au kifuniko cha sufuria?" Nikamwambia ashughulike na mageti yake. Mke wangu naye aliuliza mara moja tu kwa nini ukanda umekuwa mfupi, nikamjibu ni jasho, kitambaa hunywea, akaamini. Ananiamini mno. Huwaambia walimu wenzake kwamba kitu nikikishona mimi hakikatiki.

Juzi mchana nilisinzia hapahapa nikaota helmeti yake inabingirika barabarani, polepole, kama boga lililomponyoka mtu sokoni, haina kichwa ndani, lakini wimbo wa watoto unaendelea humo, na mimi naikimbilia na miguu haifiki chini.

Shule zinafungwa Ijumaa ijayo, na Jumamosi tunakwenda kwa mama mkwe, saa nne za barabara kuu, malori mbele na nyuma. Yeye njiani hupenda kusinzia, helmeti yake ikiniegemea katikati ya mabega. Nikimwambia, atajua kwamba baada ya kumcheka nilipuuza kweli, nikaficha, nikamvisha uongo kichwani siku ishirini na mbili. Nikinyamaza, labda hakuna litakalotokea. Nimewaza pia kutafuta nyingine ya kijani kilekile na kuibadilisha kimyakimya. Nishauri, na unieleze helmeti inafungwaje kwenye pikipiki isiibiwe, maana nimeona sijui.

Ni mimi, Fundi Viti.

*

Fundi, marahaba. Barua yako ni tamu, na utamu wake ndio ulionikasirisha. Ukungu, mtungi, mahameli ya buluu: umenipeleka hadi bondeni nami nikasahau kwamba nyuma yako amekaa mwanamke ambaye kichwa chake kimeshikwa na uzi wa kochi. Nadhani nawe ndivyo unavyojisahaulisha kila asubuhi. Amka.

Nianze na mshono wako, maana ndiko kiburi kilikojificha. Mshono huo umebeba gunia lililotulia, hongera. Ukanda wa helmeti haukutengenezwa kwa ajili ya gunia lililotulia. Umetengenezwa kwa mshtuko mmoja wa kufumba na kufumbua, na kila tundu la sindano ulilolitoboa limeupunguzia nguvu. Halafu kuna jambo umelipita kama hukuliona: mwizi aliitupa helmeti chini. Wewe unayekula kwa sponji unajua kwamba ya kochi ukiibonyeza hurudi. Ile ngumu iliyo ndani ya helmeti hubonyea mara moja tu, hairudi, na kwa nje huoni kitu. Huenda ni nzima, huenda si nzima. Kichwa cha mtu hakiwekwi kwenye huenda.

Wala si wewe peke yako, na hili nawaambia wote wanaosoma. Tembeeni mtaa wowote mchana. Pikipiki imefungwa usukani, imefungwa gurudumu, imetiwa king'ora kinacholia hata paka akipiga chafya, halafu helmeti imening'inizwa kwenye kioo cha pembeni kama soksi iliyoanikwa. Chuma kina walinzi watatu, fuvu halina hata mmoja. Na wale watakaoniandikia kwamba helmeti ni ya kuwaridhisha trafiki wajiokolee wino. Nawasoma mwaka wa kumi huu, na hoja mpya sijaiona.

Kufunga je? Mkeo alishakujibu, ila ulikuwa unacheka. Nunua waya wa chuma uliovikwa plastiki, wenye kufuli yake. Upitishe kwenye uwazi wa uso utokee chini shingoni, kisha uzungushe kwenye fremu ya pikipiki, si kwenye kioo wala kamba ya mizigo. Hakikisha helmeti haigusi bomba la ekzosi, maana joto nalo huiua polepole. Egesha mahali penye macho ya watu. Lakini waya humchelewesha mwizi tu, haumzuii, na wewe ukiona mahameli unapotea saa nzima. Basi jishonee mfuko wa bega, hiyo ndiyo kazi ya kutumia mistari minane, uingie na helmeti zote mbili dukani. Ukitaka kilicho bora kuliko hapo, nenda kwa jirani yako mchomea vyuma, umwombe radhi, kisha umwombe akutengenezee sanduku la nyuma lenye kufuli. Yeye alikuambia ukweli kwa sentensi moja, wewe ukamrudisha kwenye mageti yake.

Kubadilisha kimyakimya, hapana. Hapo ungekiokoa kichwa, na mwenye kichwa angebaki anadanganywa. Na kila akikusifu kwa walimu wenzake, ungekuwa unakula sifa za wizi. Unaniambia anakuamini mno. Hakuna mke anayeamini mno, ndugu yangu. Kuna mume anayepokea imani asiyoilipia.

Kwa hiyo leo, si Ijumaa, akirudi kutoka kazini mkaribishe akae. Weka helmeti mezani, chukua mkasi wako mkubwa wa vitambaa, ukate ule ukanda mbele yake, palepale kwenye mshono. Atakuuliza unafanya nini. Mweleze yote, na usianze na mwizi, anza na siku uliyomcheka. Atakasirika, tena sana, na usimwambie apunguze. Helmeti mpya akachague mwenyewe, ajaribishe kichwani mwake, hata kama kijani kile hakipo tena.

Kama mpaka Jumamosi haijapatikana, pandeni basi. Mwachie kiti cha dirishani, wewe kaa kimya, bega liwe karibu. Akiliegemea, usisogee hata mkono ukifa ganzi. Asipoliegemea, usiulize.