Kabati la Mama Mlimani

Bansko, Jumapili

Dada yangu Zlatka,

Shikamoo. Hapa hatujambo, ila nina jambo la kukusimulia.

Baba alinituma kwenye kituo cha ski, kule kwa watelezao thelujini, niamue kama tuendelee kulikodi kabati la Mama msimu huu. Nilikwenda nikiwa nimeazimia tuliache. Tangu tumzike, nani analifungua? Tangazo la msiba wake, lenye picha, bado limebandikwa mlangoni kwetu nyumbani.

Nikafungua. Dada, viatu vyake vya ski vilikuwa vimelowa! Nikapiga yowe, mimi niliyekuwa naona haya hata kuitika jina darasani.

Mzee Spas, mlinzi wa makabati, akacheka. "Tulia, binti! Bibi yako ametoka sasa hivi. Anateleza huyo, vijana wanampisha."

"Bibi? Na magoti yake?"

"Yanamuuma akiwa nyumbani. Ukisema nimekwambia, ataninyima glasi yangu ya rakia."

Kumbe kila Jumapili anapotuaga kwamba anakwenda kanisani kumwashia bintiye mshumaa, huja huku kuteleza na viatu vya Mama!

Niliporudi nilimkuta jikoni na nguo zake nyeusi za msiba, anakoroga maharage. Akauliza bila kunitazama, "Kabati mmeliacha?"

"Nimelikodi, Bibi. Msimu mzima."

Alinipakulia bakuli la pili kabla sijamaliza la kwanza.

Baba asijue siri ya Bibi, tafadhali.

Mdogo wako,
Tsveta