Pareto ya Sufu

Jumatatu, 8 Julai 1974

Leo nimeota nikiwa macho, tena mchana kweupe. Bwana Jagdish, mwenye karakana yetu ya kuchapa vitambaa, ameleta gunia la vumbi la sufu kutoka kiwanda cha mablanketi. Kumbe si takataka! Unachapa gundi kwenye kitambaa badala ya rangi, unanyunyiza sufu juu yake kwa chekecheo, halafu unakipiga kitambaa kutoka chini mpaka vinywele visimame. Ua ulilochapa linavimba. Ukiligusa ni kama shingo ya kifaranga — nikasahau kabisa kukunja vitambaa, na ndiyo kazi yangu hapa, mwaka wa nne sasa.

Nimeomba nijaribu mchoro wangu: pareto za kwetu Keringet, nyeupe juu ya kijani. Jagdish akasema sawa, Jumamosi Shantilal mwenye duka Eldoret anakuja. Akiupenda, meza moja ya kuchapia ni yangu. Asipoupenda, nirudi kukunja na nisimsumbue tena.

Meza yangu!

Jumanne, 9 Julai

Nimechapa. Gundi ilikaa vizuri. Upepo wa ziwani ulikuwa unaingia mlangoni, sikuujali. Nikaanza kunyunyiza upande wa dirisha, na maua yakachanua mbele ya macho yangu, moja, jingine, jingine... Nilikuwa shambani tena asubuhi, umande hadi magotini, mama akiimba, matuta mawili mbele yangu. Sijui nilisimama muda gani. Ephantus, mchapaji wa meza ya pili, akapiga kelele: "Wachuka! Gundi inakauka juu, inashika ngozi, wewe unaangalia nini?"

Kona ya mlangoni, gundi yake ikiwa imeshaanza kukaushwa na upepo, niliinyunyiza mbiombio. Ukiitazama huoni tofauti. Mimi naijua.

Alhamisi, 11 Julai

Pareto yangu imekauka. Kila anayepita anaipapasa. Ephantus hajasema neno juu ya kona. Nimempikia chai.

Mama Champa, mke wa Jagdish, amefumba macho akapitisha vidole juu ya maua, polepole, kama amelala. Halafu akasema ataifua mara tatu. Ni desturi yake: kitambaa kipya hakitoki hapa kabla hajakifua kwa mikono yake mwenyewe. Nilikuwa nimesahau! La, uongo. Nilikuwa sitaki kukumbuka.

Ijumaa, 12 Julai

Maji ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu kesho.

Jumamosi, 13 Julai

Maji ya tatu yalikuwa na manyoya. Machache, meupe, yakizunguka bila haraka. Mama Champa akanitazama. Gari la Shantilal likasikika uani, Mama Champa akamwaga beseni mferejini. "Anika," akaniambia. Basi.

Naandika kando ya kamba ya kuanikia, jua limeshakikausha kitambaa. Ndani wanacheka. Jagdish anamwambia mgeni kwamba hii kitu hata ukifua mwaka mzima haitoki, yeye mwenyewe ameweka jina lake hapo. Jina lake! Miaka arobaini anachapa mjini hapa, hakuna aliyewahi kumrudishia kitambaa. Naogopa. Naitaka ile meza kuliko kitu chochote, Mungu anajua.

Nimevuta ua moja la kona. Taratibu tu. Limetoka lote.

"Wachuka! Leta hiyo kitambaa, mgeni anangoja!"

Nakuja, nimemjibu Jagdish. Ua liko kiganjani. Sijalitupa.