Mlalamikiwa Aliyeshangilia Kushindwa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje siku hizi? Na kile kikohozi, kimekuacha au bado kimekung'ang'ania? Mimi ni mzima, tena mzima hadi nachekacheka peke yangu, kwa hiyo ukiona mistari inapanda na kushuka usidhani nimeugua. Ni furaha, Dada. Tumeshinda kesi!

Najua hukujua hata kama kuna kesi. Tulia nikupe tangu mwanzo.

Kazi yangu hapa taasisi ya utafiti unaifahamu: darubini ya maabara ikigoma, inaletwa kwangu. Mwezi ujao natimiza sitini, na bodi ilitaka nikabidhi funguo za karakana niende zangu. Lakini serikali ilishatoa waraka kwamba watafiti na mafundi wa taasisi zake wafanye kazi hadi sitini na tano. Tulipouliza, bodi ikajibu kwamba waraka hautuhusu, taasisi inajitegemea. Nilichemka! Bodi hiyohiyo, tulipodai nyongeza ya mshahara, ilituambia tuisubiri serikali kwa kuwa sisi ni watumishi wake. Tumekuwa popo, si ndege si mnyama. Basi mimi na watafiti wachache tukaenda mahakamani, na jina langu likatangulia.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa taasisi alieleza kwa madaha jinsi taasisi ilivyo huru. Jaji, mama mmoja mpole wa sauti, akamuuliza mishahara inatoka wapi. Akasema serikalini. Akamuuliza na hiyo sitini waliitoa wapi. Wakili akapekua makaratasi, akakohoa, akakiri kuwa ni kwenye kanuni za serikali. Nilitamani kuruka juu ya benchi.

Leo ndiyo ilikuwa hukumu. Jaji alisema anayefuata kanuni ya serikali inapomtoa mtu kazini, aifuate pia inapombakiza. Tunabaki, sisi na wote wa kada yetu!

Kabla hatujavuta pumzi, mtu akapiga makofi na kumshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Tukageuka. Alikuwa mkurugenzi wetu, mlalamikiwa mwenyewe kwa niaba ya taasisi, aliyetia saini kila barua ya kutukatalia! Kumbe naye ni mtafiti, na sitini inambishia hodi. Wakili wake alimtolea macho, karani akamwamuru akae, naye hakukaa. Nje alinikumbatia hadi miwani yangu ikaanguka. Akasema bodi ilimwagiza atupinge, naye ametupinga kwa uaminifu, lakini hakuna aliyemwagiza ahuzunike. Nilicheka mpaka machozi.

Sasa, Dada, hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito. Tulikubaliana nikistaafu nirudi nyumbani tukae pamoja, maana tangu shemeji afariki umebaki peke yako. Kila uliponiuliza nimebakiza muda gani, nilikujibu kwa uchangamfu, kumbe huku nimeshafungua kesi ili nisirudi. Wala si kwa ajili ya mshahara. Darubini iliyokuwa kipofu ikifunguka macho mikononi mwangu, nikaona tone la maji limejaa viumbe wanahangaika na maisha yao, nasahau kabisa umri wangu. Sijachoka, Dada. Nakupenda, na moyo unaniuma kukuandikia hivi, lakini siji.

Una haki ya kunikasirikia. Nisalimie majirani wote, hata yule wa redio ya makelele, na uwaambie mdogo wako bado ni mtu wa kazi.

Nimekipaka rangi chumba cha pili hapa kwangu, na kitanda nimeshanunua. Ukitaka kukata rufaa, usiniandikie. Panda basi uje unigombeze uso kwa uso, na ubebe nguo za kutosha.

Ni mimi mdogo wako mkaidi,
Fundi Darubini