Chupa ya Nyuma

Homa Bay,
5 Februari 1967

Kwako kaka Magige,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Mimi mzima. Jicho lililobaki linaendeleaje? Na kifua cha mama?

Nimepata kazi. Keti kwanza. Ni karani wa stoo katika karakana ileile ya mabasi ulikotobolewa jicho. Hapa naitwa Monicah tu, jina langu la ubatizo, na hakuna anayejua mimi ni dada yako. Fundi Caleb ananiita "mwalimu" kwa sababu nasoma wakati wa chai. Jana alinipa bunduki ya ribiti, ile ya kuunganishia mabati ya basi. "Mwalimu, shika uone kazi ya wanaume." Wenzake wakacheka. Nikashika.

Sasa naielewa kuliko anavyodhani. Hewa ya kompresa inaingia chini na kusukuma pistoni pana. Pistoni inasukuma mafuta kwenye njia nyembamba, na kwa kuwa mafuta hayakubali kubanwa kama hewa, msukumo ule mdogo unageuka nguvu ya kukata chuma. Meno ya mdomoni yanauma msumari wa ribiti na kuuvuta nyuma. Ribiti inavimba upande wa pili wa bati, ambako mkono haufiki. Kisha msumari unakatika, tak! Kipande kinarushwa nyuma, ndani ya chupa ya kukidaka.

Lakini chupa haipo mahali pake. Iko juu ya kabati la Caleb, ametia chumvi ya kulia mayai. Anasema kuimwaga vipande kila mara kunachelewesha kazi. Kwa hiyo kipande kilikurukia jichoni. Aliyekutoboa ni yeye, na ni yeye aliyemwambia Mzee mwenye karakana kwamba ulikuwa umelewa.

Nataka jicho lake.

Dada yako,
Bhoke


Migori,
19 Februari 1967

Mpendwa dada Bhoke,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mama anakohoa kidogo tu. Mimi nakamua ng'ombe, kazi hiyo haihitaji macho mawili. Ukiona mistari inapanda mlima, ujue nimeandika mwenyewe.

Barua yako nimeichoma, mama asiikute. Dada, kanisa bado limenisimamisha kwa pombe ambayo sijawahi kuionja. Wazazi wa Nchagwa wamesema binti yao haolewi na mlevi. Jicho nimelizoea. Jina langu ndilo linaloninyima usingizi. Ukimtoboa Caleb, watasema nyumba yetu yote ni ya wahuni, na mimi nitabaki mlevi hadi kaburini. Nirudishie jina. Macho yake mwachie.

Kaka yako,
Magige


Homa Bay,
12 Machi 1967

Magige,

Salamu. Unaniomba kitu kigumu. Caleb hachoki kunisimulia, akidhani mimi mgeni: "Kulikuwa na kijana wa Kikuria hapa, akalewa, akaibusu bunduki." Watu wanacheka. Nami nacheka. Nimejifunza kucheka vizuri sana.

Mzee anakuja Jumatano kukagua basi jipya. Usinijibu, barua haitawahi.

Bhoke


Migori,
26 Machi 1967

Dada,

Hujambo? Jumatano imepita, na nyingine imepita. Mama anauliza mbona huandiki, namdanganya kwamba posta imefungwa. Umefanya nini?

Kaka yako


Homa Bay,
2 Aprili 1967

Kaka mpendwa,

Natumaini hamjambo nyote. Caleb ana macho yake yote mawili. Sasa pumua, nikueleze.

Mzee alipofika nilileta bunduki mbele yake nikauliza kwa nini haina chupa. Caleb akadakia, "Chupa ni ya waoga, Mzee. Hakuna mtu timamu ameumia hapa."

"Basi inama hapa nyuma, Fundi," nikamwambia. "Weka uso palepale ulipokuwa uso wa Magige. Nami nipige ribiti moja tu."

Jina lako lilimshtua. Lakini mafundi walikuwa wameshaanza. "Haya Fundi, si umesema wewe si mwoga!" "Leo mwalimu anakupa mtihani!" Akacheka, akainama. Niliingiza msumari mdomoni mwa bunduki, nikasukuma ribiti kwenye tundu la bati. Kompresa ilikuwa inanguruma. Nikabonyeza.

Alipiga mayowe kabla ya lolote kutokea. Alianguka chali, viganja machoni. "Mzee, mzuie! Bila chupa hii kitu itanitoa jicho!" Karakana nzima ilisikia.

Mzee alimtazama pale chini. "Na yule kijana uliyesema alikuwa amelewa?"

Hakuna kilichokuwa kimetoka kwenye bunduki, na Caleb alipoondoa viganja akaliona hilo, na wote wakamwona akiliona. Asubuhi ile, kwa ajili ya barua yako, nilikuwa nimefunga koki ya mpira wa kuleta hewa kutoka kompresa. Bila hewa mafuta hayasogei na meno hayavuti. Inabaki chuma kizito tu.

Amefukuzwa. Mzee atakuja Migori Sabato hii, aseme mwenyewe mbele ya kanisa. Mwambie Nchagwa akae mbele. Chupa nimeiosha chumvi na kuirudisha mahali pake.

Unauliza mbona sikuandika. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia jambo moja, na hili mama asilisikie kamwe. Koki niliifunga kwa mkono wangu huu. Lakini alipoinama, nikaliona jicho lake pale karibu, likipepesa, nilisahau. Nilipobonyeza, kaka, nilidhani hewa ipo.

Dada yako,
Bhoke