Ndoo Namba Kumi na Mbili

4 Februari

Baba, shikamoo.

Za siku nyingi? Magoti yanasemaje? Mimi mzima, ila mikono inanuka vitunguu hata baada ya sabuni. Kazi nimepata. Ni jengo lenye maduka chini na nyumba za kupanga juu, na mabaki yote ya chakula yanageuzwa mboji hapo hapo uani. Kila mlango una ndoo yake yenye namba. Mimi napokea, nachanganya na maranda ya mbao, na kila siku ya tatu nageuza lundo. Hakuna anayenisalimia, wanatua ndoo na kwenda zao. Nawajua kwa maganda tu.

Anayenikera ni namba kumi na mbili. Kila siku sahani nzima ya chakula kilichopikwa, haijaguswa hata kijiko. Chakula cha hivyo kinaleta nzi na harufu, na lawama zote juu yangu. Jana nimebandika karatasi kwenye mfuniko wake: "Pika unachoweza kumaliza."

Mwezi wa nne nakuja kukuona, nimekula kiapo.

Binti yako

22 Februari

Marahaba mwanangu.

Magoti yanalalamika ila yananibeba. Hongera ya kazi. Jirani aliniuliza unafanya nini huko, nikamwambia unapika udongo; alicheka mpaka akakohoa.

Lakini hiyo karatasi, mama, imenikaa vibaya. Ulimuuliza mwenye ndoo? Tangu mama yako atutoke, miaka miwili sasa, bado napima mchele vikombe viwili. Mkono umezoea. Napakua sahani mbili, naitazama ile ya pili, kisha nawamwagia kuku wa jirani. Sikukwambia kwa sababu ungedhani nimeanza kuchanganyikiwa. Ndoo yangu ingekuwa huko kwako, ungenibandikia na mimi?

Baba yako

15 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini hujambo. Barua yako ilifika ndoo namba kumi na mbili ikiwa na wiki tatu haijashuka. Nilipanda ngazi, nikagonga. Alifungua mzee, fundi viatu mwenye kibanda hapo chini. Mkewe alifariki mwaka jana. Alipoisoma karatasi yangu aliacha kupika kabisa, akawa anashindia mkate na chai ya rangi.

"Nilidhani hakuna anayeona," aliniambia.

Niliona aibu, baba, nikamwomba radhi pale pale mlangoni. Siku hizi mchana napanda kwake tunakula pamoja. Anaongea sana, kama wewe zamani.

Ila mwezi wa nne sitaweza kuja. Lundo haliachiki, na hakuna mwingine wa kuligeuza. Usinikasirikie.

Binti yako

2 Aprili

Marahaba mwanangu.

Sijakasirika. Umefanya vyema, na huyo fundi msalimie sana. Nimefurahi, na wivu nimeona, acha niseme kweli. Mzee mwenzangu anakula na mwanangu, na mimi niliyemzaa nazisoma habari zake kwenye karatasi.

Basi nimejifunza kupika kikombe kimoja. Wiki ya kwanza niliunguza tu, sufuria yetu ni kubwa mno. Jana kimetoka sawasawa, sahani moja, hakikubaki kitu. Kuku walikuja mpaka mlangoni, wakaondoka. Nilidhani nitajisifu. Nikaiosha ile sahani, nikakaa jikoni nikalia, mtu mzima mimi.

Usije kwa ajili ya hilo. Kazi ni kazi.

Baba yako

8 Aprili

Baba, shikamoo.

Sikuulizi hali, umeshaniambia. Fundi viatu anageuza lundo tangu jana. Nimemfundisha mimi, na tayari ananiamrisha kama bosi. Mwenyekiti wa jengo amenuna, na anune.

Basi langu linafika Jumamosi saa sita mchana. Usipike kabla sijaingia. Mchele nitapima mimi.

Binti yako